Kuziba Jino Ukiwa na Ugonjwa wa Tezi ya Shingo: Anza na Mate, Zebaki Baadaye

Mara ya kwanza kwenda kuzibwa jino baada ya kugundulika kuwa na ugonjwa wa tezi, nilikuwa na swali moja tu kichwani: ile dawa ya rangi ya fedha ina zebaki, je, haitaimalizia tezi yangu? Daktari hakunijibu. Alichukua kile kioo chake kidogo cha mviringo, akakipitisha ndani ya shavu langu, kikanasa. Alipokivuta, shavu nalo likaja. "Unaona?" akaniambia. "Kioo kinatakiwa kiteleze. Mdomo wako umekauka. Tuzungumze mate kwanza, zebaki itafuata."

Nilikereka, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Lakini alikuwa sahihi, na mwongozo huu naupanga kama alivyonipangia yeye. Mimi ni mgonjwa, si daktari. Ninachoandika hapa ni cha kukusaidia kuuliza vizuri, uamuzi wa dozi na matibabu ubaki kwa wanaokutibu.

Hatua ya 1: Jua kama tezi yako imetulia

Ugonjwa wa tezi ya shingo, yaani thairoidi, si mmoja. Ipo tezi iliyolegea, isiyotoa homoni ya kutosha: mtu anachoka, anasikia baridi wenzake wakiwa hawaisikii, ngozi inakauka, uzito unapanda. Ipo inayokimbia, inayomwaga homoni kupita kiasi: moyo unadunda, vidole vinatetemeka, jasho haliishi, uzito unashuka ingawa mtu anakula. Wapo walioondolewa tezi kwa upasuaji, au waliotibiwa kwa ayodini ya mionzi, na sasa wanaishi kwa kidonge cha kila asubuhi. Wapo pia wenye rovu kubwa shingoni na homoni zao ziko sawasawa. Kwa daktari wa meno, kila mmoja wa hawa ni mgonjwa wa aina yake.

Kwa hiyo, kabla hujafikiria rangi ya dawa, tafuta karatasi ya majibu yako ya mwisho ya damu. Angalia TSH. Hiki ni kipimo kinachowachanganya wengi kwa sababu kinakwenda kinyume: tezi ikilegea TSH hupanda, tezi ikikimbia TSH hushuka, kwani hiyo ni sauti ya ubongo ukiihimiza tezi ifanye kazi au ukinyamaza. Kama mwaka umepita bila kupima, au dozi yako imebadilishwa juzijuzi, pima kwanza. Jino lisilouma linaweza kusubiri wiki chache.

Mwenye tezi iliyolegea lakini anayemeza vizuri levothairoksini yake, yaani kidonge cha homoni ya tezi, na majibu ya damu yako sawa, anazibwa jino kama mtu mwingine yeyote. Tahadhari iko zaidi kwa tezi inayokimbia ambayo haijadhibitiwa. Sindano nyingi za ganzi huchanganywa na adrenalini ili ganzi ikae muda mrefu na damu isitoke sana. Moyo ambao tayari unakimbia hauhitaji kuongezewa mbio. Zipo ganzi zisizo na adrenalini, na daktari akijua hali yako atazitumia, au ataahirisha kazi isiyo ya haraka. Kama unatumia propranololi kutuliza mapigo ya moyo, mtajie dawa hiyo kwa jina, kwa sababu ikikutana na adrenalini nyingi inaweza kupandisha shinikizo la damu.

Jino linalouma au lenye usaha ni habari nyingine. Hilo usilikalie nyumbani eti unasubiri tezi itulie. Maambukizi yenyewe yanaweza kuchochea dharura kwa mtu ambaye tezi yake inakimbia. Nenda, jieleze, wakutibu kwa tahadhari.

Jambo jingine kwa wanaotumia dawa za kupunguza kasi ya tezi, yaani kabimazoli, methimazoli au propilthaiourasili: ukipata homa, koo linauma na vidonda vimetoka mdomoni, usiende kwa daktari wa meno ukidhani ni fizi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo wapime chembe nyeupe za damu. Ni nadra, lakini dawa hizi zinaweza kuzishusha chembe hizo ghafla, na vidonda vya mdomo huwa miongoni mwa dalili za mwanzo.

Ikibidi kusubiri, omba tundu lizibwe kwa muda. Ile dawa ya muda inayonukia karafuu ni oksidi ya zinki iliyochanganywa na yujenoli, ambayo ndiyo kiambato kikuu cha mafuta ya karafuu. Inatuliza jino vizuri sana. Ila yujenoli huzuia kompoziti isikauke sawasawa, kwa hiyo kama mpango ni kuja kuweka dawa nyeupe, sema mapema ili achague dawa nyingine ya muda.

Hatua ya 2: Yapime mate yako

Hapa ndipo ningependa usimame zaidi. Mate ndiyo yanayosafisha asidi na kurudishia jino madini. Yakipungua, jino huoza haraka, na huoza mahali pasipo pa kawaida. Tezi iliyolegea inaweza kukausha mdomo. Ayodini ya mionzi inaweza kuumiza tezi za mate, kwa kuwa nazo hufyonza ayodini. Watu ambao kinga ya mwili wao inashambulia tezi ya shingo wakati mwingine hupata pia ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga hiyo hiyo inazishambulia tezi za mate na za machozi. Ongeza vidonge vingine unavyomeza, kama dawa za mafua na aleji au za msongo wa mawazo, na mdomo unakuwa kama kitambaa.

Jichunguze. Unaamka usiku kunywa maji? Chakula kikavu hakishuki bila maji ya kusindikiza? Ukizungumza muda mrefu ulimi unagandana na kaakaa? Sasa simama mbele ya kioo, vuta mdomo, angalia meno karibu na ufizi, pale jino linapoingia kwenye nyama. Kama kuna madoa ya kahawia au vijishimo kwenye mstari ule, au ukingoni mwa mazibo ya zamani, basi huenda tatizo lako ni ukavu, na hakuna dawa ya kuzibia duniani itakayodumu kama ukavu haujashughulikiwa. Mimi niliziba jino moja mara mbili ndani ya miaka mitatu kabla ya kulielewa hilo. Ziba lilikuwa zima, jino ndilo lililooza pembeni yake.

Mweleze daktari wa meno ulichokiona. Jibu la hatua hii linabadilisha jibu la hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Zijue dawa zenyewe

Amalgamu ndiyo ile ya rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Zebaki hiyo imefungwa ndani ya mchanganyiko, lakini mvuke kidogo hutoka, hasa wakati wa kutafuna, kusaga meno usingizini, na zaidi kabisa wakati wa kuiweka au kuikwangua. Ni imara, inavumilia unyevunyevu wakati wa kuwekwa, na kwenye gego linalofanya kazi nzito hukaa zaidi ya miaka 10 bila matata.

Je, inaharibu tezi? Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2020 ilitaja makundi yanayoshauriwa kuikwepa amalgamu inapowezekana: wajawazito, wanaopanga kushika mimba, wanaonyonyesha, watoto hasa walio chini ya miaka 6, wenye magonjwa ya mfumo wa fahamu, wenye figo dhaifu, na wenye aleji na zebaki au madini mengine yaliyomo. Ugonjwa wa tezi haumo kwenye orodha hiyo. Utasikia habari za tafiti ndogo zilizowahusu wagonjwa wa tezi walioondolewa amalgamu, ambao miili yao ilionyesha mzio wa zebaki. Mzio huo ndio uliokuwa hoja, na hauko kwa kila mwenye tezi.

Hata hivyo, mimi nikipewa nafasi ya kuchagua leo, amalgamu si chaguo langu la kwanza, na sababu yangu haihusu tezi. Dunia inaiacha. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, unazitaka nchi zipunguze matumizi yake kwa ajili ya mazingira, na Umoja wa Ulaya uliizuia kuanzia Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona mgonjwa anaihitaji hasa. Lakini kama gego lako la nyuma limetoboka vibaya, mate yanafurika kila daktari anapojaribu kulikausha, wewe si mmoja wa makundi yale, na amalgamu ndiyo iliyopo, usikatae ukaondoka na tundu. Tundu halina subira.

Kompoziti ni ile nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu. Ni risini, aina ya plastiki, iliyojazwa chembechembe za glasi au silika. Inapendeza, inashikana na jino, na haihitaji kukata sana sehemu ya jino isiyooza. Masharti yake ni mawili: jino liwe kavu kabisa wakati wa kuiweka, na taa ifanye kazi yake, safu moja baada ya nyingine, kila safu isizidi takriban milimita 2 kwa aina za kawaida. Safu ikiwekwa nene, chini inabaki mbichi.

Wasiwasi wa wagonjwa wa tezi kuhusu kompoziti ni BPA, kemikali ambayo maabara zimeonyesha inaweza kuingilia kazi za homoni, ya thairoidi ikiwemo. Kwenye kompoziti nyingi BPA haiwekwi kama kiungo. Inakuwepo kama mabaki madogo ya utengenezaji wa risini, na kinachotoka ni kidogo, zaidi katika saa za mwanzo. Unaweza kukipunguza zaidi bila kugombana na mtu. Muombe daktari, baada ya taa, aifute na kuing'arisha ile safu ya juu inayoteleza, kwa sababu hewa huizuia isikauke vizuri. Kisha usukutue maji kwa nusu dakika na kutema, usimeze. Zipo pia kompoziti zinazotengenezwa kwa risini zisizotokana na BPA, na daktari anaweza kusoma kwenye kasha kama anayo. Kama una aleji na akrilati, labda iligunduliwa kwenye kucha za bandia au gundi ya kope, hilo litaje kwa sauti, kwani risini za meno ni ndugu zake.

Glasi ayonoma ndiyo ambayo watu hawaiulizii, na kwa mdomo mkavu nadhani ndiyo ingetangulia. Ni unga wa glasi unaochanganywa na asidi, ukakauka kama saruji. Inashikana na jino kwa kemia yake yenyewe, inavumilia unyevu kidogo, na hutoa floraidi kidogo kidogo kwenye ukingo wa ziba, pale pale mdomo mkavu unapooza. Udhaifu wake ni nguvu. Kwenye sehemu ya kutafunia ya gego huchakaa na kuvunjika mapema, na kwenye mdomo mkavu sana huliwa taratibu. Lakini kati ya ziba lililochakaa na jino lililooza chini ya ziba, chaguo ni rahisi. La kwanza unaliongezea.

"Floraidi si adui wa tezi?" Swali hili nimelisikia mara nyingi, na lina mzizi wa kweli. Katikati ya karne ya 20 baadhi ya madaktari waliwahi kutumia floraidi kupunguza kasi ya tezi inayokimbia, kwa miligramu kadhaa za kumeza kila siku. Kinachotoka kwenye ziba la jino huhesabiwa kwa mikrogramu, huwa kingi siku moja mbili za mwanzo kisha hushuka sana. Kwa mwenye mdomo mkavu, kuikimbia floraidi ni kuyatupa meno.

Ipo pia glasi ayonoma iliyochanganywa na risini, ngumu zaidi na inayokaushwa kwa taa. Mwenye aleji na akrilati aulize kabla. Kauri na dhahabu hutengenezwa nje ya mdomo na kugundishwa, zinadumu, zinagharimu zaidi, na kwa tezi hazina neno. Ukiwa na aleji na nikeli, hakikisha tu madini yanayotumika hayana nikeli.

Hatua ya 4: Linganisha tundu na mdomo

Baada ya hapo uamuzi hauna uchawi. Tundu karibu na ufizi, mdomo mkavu: glasi ayonoma, ya kawaida au yenye risini. Jino la mbele linaloonekana ukicheka, mate ya kutosha: kompoziti. Gego lenye tundu la wastani: kompoziti, mradi daktari aweze kulikausha. Gego lililobomoka kuta mbili au tatu: uliza kuhusu kofia ya jino badala ya kujaza tu. Mjamzito, hata kama tezi yake imetulia: amalgamu aiache.

Mara nyingine jibu ni dawa mbili kwenye jino moja, glasi ayonoma chini, karibu na ufizi, kompoziti juu inapotafuniwa. Nilipoambiwa hivyo nilidhani nabambikiwa kazi. Ni mbinu ya kawaida na ya maana.

Kwa mazibo yako ya zamani ya amalgamu: kama ni mazima, yaache. Kuyakwangua kunatoa mvuke mwingi wa zebaki kwa mpigo kuliko unaotoka yakiwa yametulia, na kunakula pia sehemu ya jino isiyooza. Sababu za kuyatoa ni kuvunjika, kuoza pembeni, au aleji iliyothibitishwa kwa kipimo cha ngozi. Ukiona kwenye shavu, pale linapogusana na ziba, mistari myeupe kama nyuzi za lasi au kidonda kisichopona, muonyeshe daktari. Ikibidi kutoa, omba maji mengi, mrija wa kunyonya wenye nguvu na kitambaa cha mpira cha kulitenga jino. Anayekuahidi kwamba ukitoa amalgamu zote utaacha vidonge vya tezi, muage kwa heshima.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Levothairoksini imeze asubuhi kama kawaida, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kuzibwa jino kwa ganzi ya sindano hakukutaki ushinde njaa. Nenda na vidonge vyako au picha ya maboksi yake.

Ukifika, usiseme tu "nina tezi". Watu wengi wakisikia hivyo, hasa anayesema akiwa mwanamume mtu mzima, mawazo yanakwenda kwenye tezi dume. Sema: "Daktari, nina ugonjwa wa tezi ya shingo, tezi yangu imelegea, natumia levothairoksini mikrogramu kadhaa kwa siku, kipimo cha mwisho kilikuwa mwezi fulani na majibu yalikuwa haya. Mdomo wangu unakauka. Ungependekeza dawa gani kwa jino hili, na kwa nini?" Lile "kwa nini" ndilo lenye kazi. Daktari mzuri halikereki.

Mwenye rovu kubwa asikubali kulazwa chali moja kwa moja. Kiti kikilala mno, rovu linaweza kubana koo na pumzi ikawa nzito. Omba kiti kibaki nusu wima, na mkubaliane ishara: ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Kama unahitaji picha ya eksirei, mionzi ya picha moja ya jino ni kidogo sana. Baadhi ya kliniki bado huvalisha kola ya kukinga shingo, nyingine zimeacha kwa sababu mashine za sasa zinalenga eneo dogo. Ukiitaka, iombe.

Chunguza dawa ya kusukutulia utakayopewa. Zile za rangi ya hudhurungi nyekundu zenye povidoni ayodini zina madini joto mengi, na mwenye ugonjwa wa tezi asizitumie siku nyingi mfululizo bila ruhusa ya daktari anayemtibu tezi. Nashangaa kila mara: watu wanakesha wakibishana kuhusu zebaki, kisha wanasukutua ayodini wiki nzima. Kwa maumivu, aspirini si ya kwanza kwa mwenye tezi inayokimbia kwa sababu inaweza kuongeza homoni huru kwenye damu. Parasetamoli kwa kipimo chake kwa kawaida inatosha.

Kama umepangiwa ayodini ya mionzi, maliza meno kabla. Na kama umetoka kuipata, kazi ya meno isiyo ya haraka isubiri hadi waliokutibu wakuruhusu, kwa kuwa siku za mwanzo mate yako bado yana mionzi.

Hatua ya 6: Baada ya kuzibwa

Kabla hujashuka kwenye kiti, uma ile karatasi ya rangi ambayo daktari hukupa kuona meno yanavyogusana, na ueleze unachohisi. Ziba lililozidi kimo hata kidogo litakuuma ukitafuna, na ganzi inaweza kukudanganya, kwa hiyo ikiisha na ukahisi jino moja linatangulia mengine kugusana, rudi likapunguzwe. Glasi ayonoma huendelea kukomaa kwa saa nyingi, usiitafunie kitu kigumu siku ya kwanza. Kompoziti huwa ngumu papo hapo, lakini jino linaweza kushtuka kwa baridi kwa siku kadhaa.

Ukiwa na mdomo mkavu, piga mswaki kwa dawa yenye floraidi ya angalau 1,000 ppm asubuhi na kabla ya kulala, tema, usisukutue kwa maji mengi baada yake. Daktari anaweza kukuandikia yenye nguvu zaidi au kukupaka floraidi kliniki. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, tafuna bigijii isiyo na sukari, na urudi kukaguliwa kila miezi 3 hadi 6. Ukishauriwa kumeza vidonge vya kalsiamu, viachanishe na levothairoksini kwa saa 4, la sivyo vitaizuia isifyonzwe, na miezi miwili baadaye utakuwa unalaumu ziba kwa uchovu ulioletwa na kalsiamu.

Usigeuze dozi ya tezi kwa sababu ya jino. Kama baada ya kuzibwa unahisi mabadiliko, mapigo, uchovu au baridi, andika tarehe na upime damu. Maumivu yanayodunda yenyewe usiku, au uvimbe kwenye ufizi, ni dalili kwamba huenda uozo ulishafika kwenye kiini cha jino, na hapo kinachotakiwa ni matibabu ya mzizi.